Amina ya Mtu wa Kampuni

Mtu wa kampuni alikuja kwangu Mbotela majivu hayajazolewa uwanjani. Nilimkaribisha kiti akakataa. Alisimama mlangoni, viatu vyake vikiogopa sakafu yangu, akaniambia kwamba binti yangu alijichoma mwenyewe. Hakusema hivyo moja kwa moja. Alisema "matumizi yasiyofaa." Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini mtu akinitukana najua, hata akiyapiga pasi maneno yake kwanza.

Gari lilikuwa langu. Nililinunua kwa kampuni hiyo baada ya kuuza kipande cha shamba alichoniachia marehemu mume wangu, na watu wa kwetu walinicheka sana: mwanamke mzee anauza udongo ananunua betri yenye magurudumu. Lilikuwa dogo, jeupe, la umeme. Binti yangu ndiye aliyeliendesha. Asubuhi alipeleka watoto wa nasari wa Buruburu, mchana akawarudisha, na katikati akabeba abiria wa kumwita kwa simu. Halina mafuta, halina kelele, ukimaliza kazi unalichomeka ukutani kama pasi. Tulilipenda, nisidanganye.

Siku ya moto ilikuwa mchana. Gari lilikuwa limechomekwa kwa waya uliopita dirishani, vile tulivyofanya tangu siku ya kwanza, na vile fundi wao wenyewe alivyotuonyesha. Nyumba zetu za kansol, za baraza la jiji, zilijengwa kabla gari kama hilo halijaota kichwani mwa mtu, sasa waya ungepitia wapi? Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Nikasikia kitu kinatoa mvumo chini ya gari kama sufuria iliyofunikwa ikichemka, halafu moshi mweupe, mzito, unanuka kama dawa ya mende. Gari lilikuwa limeegemea jikoni kwa jirani, na jikoni humo kulikuwa na mtungi wa gesi na mtoto analala.

Binti yangu hakungoja mtu. Alichomoa waya, akaingiza mikono ndani akaachilia breki, akashika usukani kwa dirishani, na wanaume wawili wakasukuma kwa nyuma. Walipolifikisha uwanjani, moto ukatoka chini ya kiti ukamkamata mikono. Mkono wa kushoto ulipona. Wa kulia, vidole vitatu vilishikana vikawa kama tangawizi. Usukani hawezi. Kusuka nywele za mtoto wake hawezi. Ugali anasonga kwa kushoto, na mtu yeyote aliyewahi kula ugali wa mkono usiozoea anajua ni madonge matupu. Tunakula. Hakuna anayesema neno.

Basi huyo ndiye mtu aliyejichoma mwenyewe.

Miezi ikapita. Siku moja kampuni ikatuma ujumbe kwa simu za wote walionunua magari yale: betri zote za aina ile zirudishwe, kwa usalama wa wateja, kampuni itatoa zingine. Nilimwambia binti yangu anisomee mara mbili. Kisha nikajiuliza swali ambalo hata mbuzi angejiuliza. Kama ni waya wangu wa dirishani uliochoma gari, kwa nini wanataka zirudi na betri za watu wa Buruburu, ambao wanachaji kwa kisanduku cha ukutani kilichofungwa na kampuni yenyewe? Nikawapigia. Wakanijibu kwamba betri yangu haimo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu iliharibiwa na mtumiaji.

Hapo ndipo nilipoacha kulia nikaanza kutafuta wakili.

Wakili nilimpata kanisani, msichana mdogo, mpwa wa mama mmoja tunayeimba naye. Alinisikiliza kama mjukuu anavyomsikiliza bibi yake, akaniambia, "Shosho, ukienda peke yako watakuchosha. Watasema waya, waya, waya, mpaka hakimu naye aimbe waya. Lakini wakisimama wenzako ambao hawakuwa na waya wowote dirishani, na betri zao zilivimba au zilitoa moshi, hayo maneno ya waya yanakufa."

"Wako," nikamwambia. "Tuna chama."

"Watakubali?"

Hilo sikulijua.

Chama chetu kilikuwa cha wenye magari yale ya kampuni moja, watu wa Mbotela, Buruburu, Ziwani na huku karibu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Buruburu, mstaafu wa serikali, mtu wa koti hata jua likiwaka. Betri yake ilivimba hadi sakafu ya gari ikainuka kama mandazi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Ziwani, Mwislamu, mtu wa mzaha. Gari lake lilizima katikati ya barabara likitoa moshi, akaruka na mizigo yake. Kulikuwa na mama wa maziwa. Na kulikuwa na kijana wa teksi ambaye mdomo wake haujawahi kujua breki. Wengine walikuwa watu wa kusikiliza na kuondoka.

Sasa sikilizeni walivyonifanyia, hata kama hawakukusudia.

Kampuni ilipokuja na lori kuchukua betri, ilikuja nyumbani kwa mwenyekiti, yule mtu wangu wa viatu akiwa mbele. Mimi sikuwapo. Nilikuwa hospitalini na binti yangu, anabadilishwa bandeji, ananiuma bega asipige kelele. Wenzangu wakampikia mtu wa kampuni pilau. Wakamfungulia soda. Na kwa sababu sisi watu wa hapa hatuwezi kufunga mkutano, hata mkutano wa kuibiwa, bila mtu kusimama na kutoa shukrani, mwenyekiti akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaishukuru kampuni kwa moyo wake wa huruma na uangalifu. Akawaomba wote wapige makofi ya kilo, yale ya mpigo mmoja. Wakapiga. Mtu wa kampuni alikuwa na simu mkononi, anachukua video.

Wakili alipoiandikia kampuni, walimjibu kwa video hiyo. Alikuja kutuonyesha, sote tumeketi barazani kwa mwenyekiti. Tukaona pilau, tukaona koti, tukasikia makofi.

"Wanasema mliridhika," wakili akasema.

Mwenyekiti akakohoa. "Mgeni hashukuriwi? Ningemfukuza?"

"Si lazima umfukuze," nikamwambia. "Ungenyamaza tu. Kunyamaza nako kunahitaji digrii?"

Mfanyabiashara wa Ziwani akatikisa kichwa. "Wallahi pilau lile niliongeza mara mbili. Naonekana pale kabisa, na sahani yangu."

"Unaonekana," nikasema. "Hata nyama inaonekana."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Walipokuwa wakipiga makofi, binti yangu alikuwa ameng'ata bega langu, na alama ninayo hadi leo.

Baada ya hapo kampuni ikaleta habari nyingine. Betri mpya zimefika, kila mtu atafungiwa yake bure, mradi atie sahihi kwamba hatashtaki sasa wala baadaye, na hatatoa ushahidi kwa kesi ya mwingine. Haya ya mwisho yalikuwa yangu. Hawakuandika jina langu, lakini sote tulijua mwingine ni nani.

Magari ya watu yalikuwa yamekaa juu ya mawe kwa muda mrefu. Mama wa maziwa alikuwa anabeba madebe kwa mkokoteni. Mke wa mwenyekiti ni mgonjwa wa figo, hupelekwa kusafishwa damu kila mara, na gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka. Najua hayo yote. Nayaandika ili mtu asiseme sikuyajua.

Mkutano wa kukata shauri ulifanywa Jumapili, baada ya kanisa, uwanjani kwa mwenyekiti. Kampuni ilimtuma mtu wake tena, na meza, na karatasi, na kalamu nyingi mpya. Simu aliisimamisha juu ya chupa ya maji, inachukua video. Nadhani alitarajia shukrani nyingine.

Kijana wa teksi alikuwa wa kwanza kuniwahi. "Shosh, niaje? Sikiza, mimi nakuheshimu. Lakini hii maneno ya korti ni noma. Hao wasee wako na mawakili kama siafu. Wacha tuchukue betri, maisha isonge."

"Maisha yako yanasonga," nikamwambia. "Vidole vya dadako je?"

"Sasa Shosh, hapo unaniua."

"Bado. Ngoja."

Mama wa maziwa akasema polepole, "Mama, mimi nina watoto. Nikikataa hiyo betri, nani atanisukumia mkokoteni?"

"Na hiyo mpya ikiwaka, ukiwa na madebe na watoto ndani, utamshtaki nani? Umetia sahihi hata ya baadaye."

Mwenyekiti akasema kwamba kesi ni ya watu wenye muda, na sisi muda hatuna, na Biblia inatuambia tupatane na adui tungali njiani. Nikamuuliza kama Biblia ilisema pia tumpikie pilau. Akaona mkutano unamtoroka, akafanya lile ambalo kila mwenyekiti hufanya.

"Hatujaomba," akasema. "Tunabishana bila maombi. Mama, wewe ndiwe mkubwa hapa. Tuombee."

Nafikiri alitaka kunituliza. Alisahau kwamba mwanamke mzee akiombwa aombe, hakuna mtu wa kumkatiza mpaka amalize mwenyewe. Polisi hathubutu. Mwenyekiti hathubutu. Watu wote wakasimama, wakavua kofia, wakafumba macho. Mtu wa kampuni naye akasimama nyuma ya meza yake akafumba, mikono ameishika mbele. Alilelewa vizuri, hilo simnyimi.

Mimi macho sikufumba. Nilimtazama.

"Baba," nikasema, "tumekuja mbele zako, wenye magari na wenye kampuni. Unawaona. Ulimwona binti yangu siku ile akiingiza mikono ndani ya moto ili mtoto wa mwenzake asiungue. Ulikuwapo. Uliuona waya wa dirishani ukiwa mzima, maana tulipouokota haukuwa umeungua hata mpira wake. Uliiona betri ya mwenyekiti ikivimba bila waya wowote. Uliuona moshi wa ndugu yetu wa Ziwani barabarani. Kama nasema uongo, Baba, ufunge ulimi wangu hapa hapa, nisiumalize huu mstari."

Nikangoja kidogo. Ulimi haukufungwa.

"Waliouza betri hizi mbovu, na waliokuja mlangoni kwangu kumtukana mgonjwa, usiwaue, Baba. Kufa ni rahisi. Wape umri mrefu. Lakini usingizi uwaruke. Chakula kiwe mchanga vinywani mwao. Kila wakishika mkono wa mtoto wao wakumbuke mkono wa binti yangu, mpaka siku watakayosimama mbele ya watu na kusema ni betri, haikuwa waya. Na sisi tulio hapa, kila atakayeitika amina, awe amekiri mbele zako kwamba haya ni kweli. Ni katika jina la Mwanao nimeomba."

"Amina," watu wakasema.

Na yeye akasema. Nilimwona. Alisema amina kubwa, ya mtoto wa shule ya Jumapili, kabla akili yake haijafika mdomoni. Kisha akafumbua macho, akanikuta nimemkazia yangu.

Mfanyabiashara wa Ziwani ndiye aliyecheka kwanza. "Ndugu yangu," akamwambia, "umeitika! Hata mimi nimeitika, na hilo si ombi la dini yangu!"

"Nilikuwa naheshimu maombi," mtu wa kampuni akasema. Uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Basi yaheshimu yote," nikamwambia. "Usichague."

Kijana wa teksi alikuwa ameinama akishika magoti kwa kicheko. "Na simu yake imechukua! Manze, ameji-video mwenyewe!"

Mtu wa kampuni akaikamata simu akaizima. Wakili wangu aliniambia baadaye kwamba amina si ushahidi, hakuna hakimu atakayeipokea, nisiitegemee. Nikamwambia sikuiombea hakimu. Niliwaombea wale waliosimama pale. Kabla ya maombi walikuwa wakimwona kama mtu mwenye betri mkononi. Sasa walimwona akitafuta njia ya kutoka nyuma ya meza yake mwenyewe, na mtu akishamwona mwenzake katika hali hiyo hamwogopi tena sana.

Mwenyekiti akasema tupige kura. Mtu akasema kwa karatasi, mwingine kwa mikono. Nikasema hapana. Karatasi inaficha sura na mkono unashuka haraka. Tupange laini, kama zile kura za zamani. Anayetaka kutia sahihi asimame nyuma ya meza ya kampuni. Anayetaka korti asimame nyuma yangu. Kila mtu aonekane mgongo wake umegeukia nani.

"Na hesabu iwe hesabu," nikamwambia mwenyekiti. "Wewe ulikuwa ofisini miaka ile. Unakumbuka laini fupi ilivyokuwa ikishinda."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akaketi. Vijana hawakuelewa, wakaelezwa kura za mlolongo zilivyoibwa mchana kweupe, wakacheka nao.

Mimi nikaenda nikasimama karibu na ukuta. Binti yangu akaja nyuma yangu, mkono wake ameufunga kwa leso kama kawaida yake mbele za watu. Nikamwambia aifungue. Hakutaka. Nikamwambia tena, kwa sauti ya mama, akaifungua. Watu wakatazama. Najua alinichukia dakika ile. Nilikubali anichukie.

Mfanyabiashara wa Ziwani akaja. "Nilikula pilau lao," akasema, "wacha nilitapike." Wakaja watu wa Mbotela, karibu wote. Mama wa maziwa alisimama katikati, akatazama meza, akatazama madebe yake, akaja kwangu analia. Kijana wa teksi alienda kwa meza kwanza. Alisimama pale, anajikuna shingo. Kisha akamwambia mtu wa kampuni, "Buda, siku ile Shosh alikukaribisha kiti kwake, ungekaa tu," akatoka, akaja mkia wa laini yangu.

Mwenyekiti alibaki kwa meza, na wengine kadhaa. Nilitazama koti lake na nikamfikiria mkewe. Nilimwelewa. Sikumsamehe. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyehesabu, kwa kidole, mtu kwa mtu, akatangaza kwa sauti yake ya ofisi, "Laini ndefu ni ya Mama." Kisha akageuka akatia sahihi yake. Hakutoa shukrani.

Waliotia sahihi walifungiwa betri wiki hizo hizo. Sisi tulibaki na magari yetu juu ya mawe. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Wakili wao aliugua, hakimu alihamishwa, faili lilipotea likapatikana. Kuku walitaga chini ya gari la kijana wa teksi, akawa akinipigia simu, "Shosh, kesi yako imenipa mayai." Mama wa maziwa alinipita njiani mara mbili bila salamu. Kampuni ilimtuma mtu mwingine kwangu, mpole, akaketi, akanywa chai, akaniambia wako tayari kuzungumza nami peke yangu, kimya kimya. Nikamwambia mimi kelele ndiyo ninayotaka. Akauliza nataka nini hasa. Nikamwambia nataka mwenzake, yule wa viatu, asimame mahali ambapo hawezi kuondoka, aseme.

Kila kesi ilipotajwa nilikwenda. Nilivaa kitenge kile kile na kitambaa kile kile, nikaketi benchi ya mbele, mtu wa kampuni anione. Binti yangu aliniambia, "Mama, mimi nimechoka." Nikamwambia ajikaze. Akasema, "Huu mkono ni wangu au ni wako?" Siku hiyo nilisonga ugali mimi.

Mwishowe yule mtu wa kampuni akaitwa. Akapanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa. Alikuwa amekonda. Sitasema ni maombi, lakini nilitazama vizuri. Mawakili wakabishana kwa Kiingereza, wa kwetu akalitaja gari la mwenyekiti kama mfano tu, gari lisilo na waya wa dirishani, akataja betri zilizovimba, betri zilizotoa moshi. Kisha akamuuliza kampuni iliagiza betri hizo zirudishwe kwa nini. Mtu yule akatazama wakili wake. Wakili wake akatazama karatasi. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akamwambia ajibu.

Akajibu kwa Kiingereza, chini chini, akizungumza na kidevu chake.

Nikasimama. Askari akaanza kuja, lakini mimi mtu akiona mvi zangu hukawia kidogo.

"Mheshimiwa," nikasema, "sisi wenye magari tumeketi huku na hatujasikia. Na tungeomba tuambiwe kwa Kiswahili."

Hakimu akanitazama juu ya miwani. Akaniambia niketi na nisirudie kusema bila kuulizwa. Nikaketi. Kisha akamgeukia yule mtu akamwambia ni haki ya wahusika kuelewa. Aseme tena, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kufika nyuma.

Akashika ukingo wa kizimba.

"Betri zilikuwa na kasoro," akasema. "Zingeweza kushika moto zenyewe. Hata bila... hata waya ukiwa mzima."

"Aliyeungua hapo Mbotela hakufanya kosa?" wakili wetu akamuuliza.

"Hapana," akasema. "Hakufanya kosa."

Karani akaandika. Nyuma yangu nilimsikia mama wa maziwa akivuta pumzi, na kijana wa teksi akinong'ona neno ambalo sitaliandika. Mengine, ya nani atalipwa nini na lini, wameyabeba mawakili, na bado wanayabeba.

Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu, mkono juu ya paja, bila leso. Nikamwinamia.

"Umesikia?"

"Nimesikia mara ya kwanza, Mama. Kiingereza kile hata wewe unakijua."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hata mimi nilisikia mara ya kwanza."